Niliitwa Kililana kutafuta kifungo kimoja cha kale, vile sita vingine vikaninyamazisha

Wakuu, poleni na mihangaiko. Leo sina swali, sina kiwanja cha kuuza, wala simtafuti mchumba. Nina kisa, na kimenikaa kifuani mpaka nimeona bora nikitue hapa.

Nitakayoandika nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyashika kwa mkono huu huu unaobonyeza simu. Majina nimebadilisha. Mwenye kisa amenipa ruhusa, tena kwa sauti, mbele ya watu. Nikiongeza chumvi, mods wanifungie akaunti.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mtu wa Murang'a, fundi wa welding. Nilikuja Lamu na kazi za upande wa bandari mpya. Kazi zikapungua, wenzangu wakarudi bara, mimi nikabaki. Sasa nina kibanda changu Amu, yaani Lamu mjini, nachomea watu mageti, madirisha, na vyuma vya boti.

Hobby yangu ni metal detector. Kwa wasiojua, ni ile fimbo yenye sahani kule chini. Unavaa earphone, unapitisha sahani juu ya mchanga polepole, na chuma kikiwa kimefukiwa inalia. Wife yuko Murang'a, na kila akipiga simu jioni huniuliza, "Uko na yule?" Yule ni detector. Kuna siku alimsalimia.

Kabla wanasheria wa humu hawajaamka: magofu siyagusi. Mambo ya kale yana sheria zake, na nilienda mwenyewe kuuliza watu wa makumbusho nikaelezwa. Mimi hupita ufukweni na kwenye mashamba yanayolimwa, kwa ruhusa ya mwenye shamba, na nikiona kitu cha maana nakisema. Tusigombane mapema.

Ukweli ni kwamba hobby hii ni umaskini mtupu. Kizibo cha soda, msumari, kizibo cha soda, ndoana, kizibo cha soda. Mungu anajua watu wa Pwani wamekunywa soda.

Lakini vifungo, wakuu. Vifungo ndio ugonjwa wangu. Sarafu imepita mikono ya watu wengi, haina mwenyewe. Kifungo kilikuwa kifuani pa mtu mmoja, alikifunga asubuhi akiwa na mipango yake, na jioni hakukikuta. Nikikishika huwa natulia kabisa, mimi ambaye mama yangu anasema nilizaliwa nikiongea.

Sasa, kuna kifungo cha kale na kuna kifungo kilichotengenezwa majuzi kikafanana na cha kale. Replica. Na mimi nililipa ada ya shule hiyo kwa aibu.

Ilikuwa Shela, chini ya vile vilima vya mchanga. Detector ikalia vizuri, nikachimba, nikatoa kifungo cha rangi ya dhahabu chenye nanga katikati na kamba imezungushwa pembeni. Moyo ulinienda mbio. Nikajiambia hiki ni cha baharia wa zamani sana, huyu alikufa hapa hapa. Nilikifunga kwa pamba nikaenda nacho kijijini nikionyesha watu kama baba wa mtoto mchanga.

Jamaa mmoja mhudumu wa hoteli akakiangalia, halafu akajiangalia kifuani. Uniform yake ilikuwa na safu ya vifungo vya nanga na mahali pamoja pana uzi mtupu.

"Bro, asante sana," akaniambia. "Supervisor alikuwa ananisumbua." Akakitia mfukoni akaenda zake kupeleka juisi.

Chekeni tu. Mimi pia nacheka sasa.

Baada ya hapo nikakaa chini nikasoma, nikaangalia video, nikavunja vifungo vya soko nione ndani. Na kwa sababu chuma ndiyo kazi yangu, mambo yaliniingia haraka. Jambo la kwanza ni kwamba uso wa kifungo ni mwongo. Kigeuze. Nyuma kuna kile kitanzi kidogo uzi unapopita, na hapo ndipo ukweli ulipo. Fundi wa kale alitengeneza kitanzi peke yake, halafu akakilehemu mgongoni mwa kifungo, kwa hiyo utaona alama ya lehemu, utaona mahali tupa ilipopita. Cha majuzi kimemiminwa kwenye kalibu kizima kizima, kitanzi na mwili ni kitu kimoja, na ukipitisha ukucha ukingoni unahisi mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana.

Pia uzi hula chuma. Msidharau uzi. Kifungo kilichovaliwa miaka mingi, ndani ya kitanzi chake pamelika upande mmoja.

Na fedha ya kweli ikikaa udongoni haing'ai. Inakuwa nyeusi. Watu wengi hapa ndipo wanapotupa mali, na wengine wanaisugua kwa suruali palepale na kuharibu kila kitu. Usisugue! Nimesema usisugue.

Haya, tuingie kwenye kisa chenyewe.

Kuna mteja wangu anaitwa Abubakar, mwendesha boti, mtu mzima na akili zake. Nilimchomea reli ya boti. Siku hiyo alikuja bila boti, akakaa kwenye ndoo yangu ya rangi, akakaa sana. Mwishowe akasema, "Fundi, nasikia wewe unajua kifungo cha kweli na cha uongo."

Nikajua ya Shela yamefika.

Kumbe hakuja kunicheka. Alikuwa anataka kuoa. Msichana ni Rukia wa Pate, mjukuu wa Bi. Amina. Na huyo Bi. Amina ni mke wa ami yake baba yake Abubakar, yaani ni jamaa wa damu moja, watu ambao wangekuwa wanakula sinia moja kila Idi.

Lakini hawali. Sababu ni kifungo.

Familia yao ina kizibao cha kale, kile kikoti kisicho na mikono ambacho bwana arusi huvaa juu ya kanzu. Kina vifungo saba vya fedha vyenye umbo la ua. Kila mwanamume wa nyumba hiyo ameoa akiwa amekivaa. Wakati Bi. Amina alipoolewa, zamani hizo, familia ilikuwa bado inakaa shambani Kililana, upande wa bara, na bwana arusi, marehemu Shee, alikivaa. Arusi ilipokwisha vifungo vikahesabiwa, vikawa sita.

Mama mkwe akasema bibi arusi amekikata kwa mkasi akawapelekea kwao, maana kwao walikuwa maskini.

Hivyo tu. Bibi arusi mgeni, hana hata mtu wa kumtetea, ameitwa mwizi kabla hina haijatoka mikononi.

Bi. Amina akarudi kwao Pate. Mumewe, Mungu amrehemu, alimfuata huko huko wakaishi mpaka kifo. Na Bi. Amina akaapa: mguu wake hautakanyaga nyumba ya watu wale mpaka kifungo kionekane. Mkwewe akafa, mumewe akafa, yeye yuko palepale na kiapo chake. Sasa mjukuu anaposwa na nyumba ile ile. Bibi hajakataa ndoa, amesema Rukia aolewe kwa heri. Lakini yeye arusini hatakuja. Na Rukia amesema bila bibi yake aliyemlea, hakuna arusi.

"Na baba yako?" nikauliza.

Abubakar akacheka kicheko cha huzuni. "Baba anasema mwizi asiyekuja arusini ni nafuu."

Baba yake ni Bwana Athman. Mtu wa swala tano, mkweli, mkali, hana mzaha. Alizaliwa akaikuta hadithi ya kifungo, akanyonya nayo.

Nikamuuliza Abubakar, arusi ile watu walikuwa wapi? Akanieleza vile alivyosimuliwa. Wanaume walicheza kirumbizi uwanjani kando ya kisima, ule mchezo wa fimbo, na bwana arusi alivutwa na wenzake akaingizwa katikati akacheza. Wakuu, mtu amevaa nguo ya urithi, anavutwa huku na huku, fimbo zinapigana. Mimi nikasema kimoyomoyo, na kifungo walikwenda kukitafuta kwenye sanduku la bibi arusi!

Tukaomba ruhusa. Shamba ni la Bwana Athman, sasa analima simsim na mahindi, na ile nyumba ya zamani imebaki tuta la mawe tu. Alikubali kwa shingo upande. Alikuja mwenyewe, akasimama na bakora yake akinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi kwenye mboga zake.

Nilianzia kisimani nikatoka nje kwa mistari. Misumari. Jembe. Kizibo cha soda, hata huko! Jua likapanda, shati likaniganda mgongoni, Bwana Athman akaswali adhuhuri akarudi, mimi bado.

Halafu signal moja ikaja. Wenye mashine wananielewa. Sauti laini, safi, haikwaruzi. Fedha huongea hivyo.

Nikapiga magoti. Nikachimba kwa mkono. Donge la udongo, nikalivunja taratibu, na ndani yake kikalala kitu kidogo cheusi, cha mviringo, chenye ua.

Aisee. Nilikiweka kwenye kiganja nikabaki nimepiga magoti pale kwenye mabua ya mahindi kama mtu anayesali, na labda nilikuwa nasali. Abubakar akawa anasema, "Subhanallah, subhanallah," hana jingine.

Bwana Athman akainama, akatazama, akanyooka.

"Si chetu hichi," akasema. Kiamu chao nakiandika nilivyosikia (yuzi ni juzi, kufita ni kuficha). "Zifungo zetu ni nyeupe, zang'ara. Hichi cheusi. Hichi kimetengezwa, na kimezikwa yuzi, ili yule bibi wa Pate asafike."

Mnaona mtihani huo? Mtu amelilia kifungo maisha yake yote, kimetoka ardhini mbele yake, anasema ni feki.

Na makosa hayo lazima muelewe yanatoka wapi. Kila arusi ikikaribia, wanawake wa nyumba ile wanavisugua vifungo kwa ukwaju na jivu mpaka vinawaka. Vimeshonwa kwenye kizibao, na bitana imefunika mgongo. Kwa hiyo watu wote, wazazi kwa wajukuu, wanajua uso tu. Hakuna aliyewahi kuona nyuma. Kwao wao fedha ni kitu kinachong'aa, basi.

Nikamwambia, "Mzee, nipe nafasi nikilinganishe na vile sita."

Akanitazama sana. "Utalinganisha," akasema. "Na yeye akiwapo. Twende Pate. Nataka asikie kwa masikio yake kwamba ni cha uongo."

Mimi nilikuwa na hobby yangu ya vizibo vya soda. Sasa heshima ya mama wa watu iko kwenye lenzi yangu, kile kioo cha kukuzia ninachotembea nacho.

Tukavuka na boti ya Abubakar. Kile kizibao kilikuwa kwenye mfuko wa kitambaa, Bwana Athman amekipakata safari nzima.

Bi. Amina alitupokea dakani kwake, pale mlangoni. Mama mdogo wa mwili, leso mbili, macho makavu yasiyo na haraka. Aliagiza tuletewe kahawa. Bwana Athman hakuigusa.

Kizibao kikatandikwa mkekani. Vifungo sita vikawaka. Mimi nikatoa kile cheusi, nikakiweka kwenye kitambaa cheupe, nikakigeuza mgongo.

Wakuu, sitasahau nilichokiona kwenye lenzi.

Kitanzi kimelehemiwa kwa mkono, alama ya tupa iko wazi, na ndani uzi umekula mfereji mwembamba. Ua lenyewe majani hayalingani, moja nene, moja jembamba. Kuna mtu alikaa akalichonga jani moja baada ya jingine, akachoka kidogo upande wa kushoto. Nilimuona kabisa, fundi yule, amekunja uso.

Na kitanzi kilikuwa kimefunguka upande mmoja, kimenyooka kuelekea nje. Kingekatwa uzi kwa mkasi, kitanzi kingebaki kizima. Hiki kilinyofolewa. Kilivutwa kwa nguvu. Kirumbizi.

Machozi yalinijia, sitaficha. Nilitaka kusimama niseme palepale, mama huyu hana hatia, mmemwonea.

Lakini nilikuwa nimeahidi kulinganisha. Nikasogeza lenzi kwenye vile sita.

Cha kwanza, ua zuri, lakini jani moja la juu lina pengo dogo ukingoni. Kama limegongwa. Nikasema sawa, vitu hugongwa.

Cha pili, pengo. Jani lile lile.

Cha tatu, pengo lile lile, upana ule ule.

Nikaruka mpaka cha sita. Pengo. Nikapitisha ukucha ukingoni: mstari wa kalibu. Pembeni kidogo weupe umebanduka, na chini yake ni njano ya shaba.

Vitu sita haviwezi kugongwa mahali pamoja. Kuna mtu alichukua kifungo kimoja cha kweli kilichokuwa na pengo, akakitengenezea kalibu, akamimina nakala sita. Vile vilivyokuwa vinasuguliwa kwa ukwaju na kuoshwa kama maiti mtukufu, vyote ni bandia. Fedha ya kweli ya nyumba ile ilikuwa moja tu duniani, na ilikuwa kwenye kitambaa changu, nyeusi tii.

Niliinua uso.

Bi. Amina alikuwa ananitazama. Hatazami vifungo, ananitazama mimi. Akatikisa kichwa. Kidogo sana, mara moja. Usiseme.

Jamani. Alijua.

Mimi mtu wa mdomo, nikaumeza ulimi. Nikasema, "Bwana Athman, hiki ni cha kale. Hakikukatwa, kilinyofolewa, tazama kitanzi. Kilianguka kwenye kirumbizi. Bi. Amina hakuiba kitu." Ya vile sita sikuyagusa.

Abubakar akashika kichwa. Bwana Athman akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa.

"Na hizi?"

"Hizo... ni nzuri, Mzee."

"Sikukuuliza uzuri."

Akanyoosha mkono nikampa lenzi. Ningefanyaje? Akainama. Akatazama kimoja, akatazama cha pili. Mtu yule si mjinga. Alivipitia vyote, akavirudia. Halafu akashika ukingo wa bitana, akafumua uzi kwa ukucha, akaona mgongo ambao hakuwahi kuuona. Akaitazama ile mishono, midogo, mizuri ajabu.

"Ni nani alozishona hizi?"

Akafumua uzi mwingine.

"Nyumbani kwetu hapana mtu ashonao hivi," akasema. Sasa sauti ilikuwa imeanza kupasuka. "Mkono huu si wa bibi yangu, si wa mamangu. Ni nani?"

"Ni mimi," akasema Bi. Amina.

"Lini?"

"Nyamaa, mwanangu. Yamepita."

"Lini?"

Mama yule akavuta leso yake vizuri. Alisema polepole, kama mtu anayetua mzigo na hataki uvunjike.

"Babako alikuya hapa Pate, analia. Omari, mtu mzima, analia. Akaniambia, Amina, mwana yuwafa, na daktari yuko Mombasa. Zile sita nimeshaziuza, nimemiminisha nyingine, na nyumbani sina wa kumuamini. Mama akijua atakufa. Nikamwambia, lete nishone."

Bwana Athman hakusogea. Mkono wake ukaenda wenyewe tumboni, upande wa kulia. Abubakar aliniambia baadaye baba yake ana kovu kubwa hapo, alipasuliwa akiwa mdogo. Nyumba nzima ilikuwa ikisema Mungu alimponya na baba yake alipata riziki ghafla.

Wakuu, fikirini. Mama huyu alikuwa ameshaitwa mwizi wa kifungo kimoja. Ameshaondoka kwa aibu. Halafu mtoto wa nyumba ile ile iliyomsingizia anaumwa, yeye analetewa sita vya uongo avishone, na anavishona kwa mkono safi kiasi kwamba hakuna aliyejua. Angeweza kusema siku yoyote. Neno moja tu: angalieni nyuma. Na mtoto yule aliyepona akakua, akawa Bwana Athman, akawa anamwita mwizi kila mwaka.

Na Bi. Amina akanyamaza. Kusitiri, wanaita, yaani kufunika aibu ya mwenzio. Nilikuwa nasikia neno hilo kwenye mawaidha ya msikitini yakipita na spika, sikujua lina uzito gani.

"Moya nilisingiziwa," akasema Bi. Amina. "Hiyo iliniuma, sikufiti. Lakini zile sita nilizishona kwa radhi yangu. Usinidai kwa hizo."

Bwana Athman alitambaa. Mzee yule wa bakora, alitambaa kwa magoti juu ya mkeka mpaka miguuni pake, akaweka paji la uso kwenye mikono yake. Alisema neno moja tu. "Mama."

Maisha yake yote alikuwa akimwita yule bibi wa Pate.

Mimi na Abubakar tukatoka nje. Kuna mambo si ya kutazamwa. Nilikaa kwenye jiwe nikalia kama mtoto, fundi mzima na mikono imejaa vidonda vya moto.

Arusi ilifanyika. Bi. Amina alivuka, akafika mlangoni kwa Bwana Athman, akaingia kwa mguu wa kulia na bismillahi yake, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka punda wakashtuka. Kifungo tuliwaonyesha watu wa makumbusho kwanza, wakakitazama, wakakiandika, kikarudi kwa wenyewe. Bi. Amina akakishona mwenyewe. Mimi nilikunja kile kitanzi taratibu mpaka kikakutana, kazi ndogo kuliko zote nilizowahi kufanya na iliyonitoa jasho kuliko zote.

Wanawake walitaka kukisugua kwa ukwaju kifanane na wenzake. Bwana Athman akakataa. "Kibaki hivyo hivyo."

Kwa hiyo Abubakar alitoka na vifungo sita vinavyowaka na kimoja cheusi. Watu wananong'ona. Mzee mmoja akauliza waziwazi, "Athman, hicho cheusi ni nini, mmekosa cha kufanana?"

Bwana Athman akasimama. Mtu ambaye hana mzaha, mbele ya baraza zima la wanaume, akasema kwa sauti ya kufika mpaka ndani kwa wanawake:

"Hicho cheusi ni cha babu. Hizo nyeupe ni uhai wangu, na alozishona ni mamangu, yuko humo ndani. Alomwita mwizi ni mimi. Mwenye kunipenda asimwite tena."

Halafu akanigeukia mimi, kafiri wa watu nimejibana nyuma na sahani ya pilau. "Na wewe fundi, kaandike. Huko kwenye simu zenu. Jina lake lilichafuliwa hadharani, lisafike hadharani."

Ndiyo nimeandika.

Kuhusu vifungo, nilichojifunza mmeshakisoma: geuza, tazama kitanzi, tazama kama kasoro inajirudia, na usisugue. Nakala si lazima iwe takataka. Nimeshika vifungo vya fedha ya kweli tangu hapo, na bado hakuna kilichonishika kama zile shaba sita.

Kuhusu watu, sina la kuwafundisha. Niliporudi tu nilimpigia simu nyanya yangu Murang'a, nikamuuliza mambo ambayo sikuwahi kumuuliza, na bado anaendelea kunijibu.

Karibuni mchangie. Wenye vifungo leteni picha za mgongo, uso msiniletee. Wenye bibi kama Bi. Amina, simulieni.

Ila kuna mtu namjua humu, lazima atauliza kile cheusi kinaweza kuuzwa bei gani. Ndugu yangu, rudi juu usome tena.